Sehemu ya Tano Isiyoonekana

Simu kutoka Nairobi iliingia saa tatu asubuhi, siku ya Ijumaa, na Inspekta Dullo Guyo aliipokea akiwa amesimama kwa sababu alitarajia kuikata haraka. Aliyepiga alikuwa Zeinab, mkuu wa shirika moja dogo lililowatafutia wakimbizi jamaa zao waliopotezana nao njiani. Alitaka kujua kwa nini karani wake wa Garissa alikuwa mahabusu kwa siku ya tano bila kufikishwa mahakamani.

Dullo alimweleza kama alivyomweleza mkuu wa kituo. Mwaka huo wa 1999 shirika lilikuwa limefungua tovuti yenye orodha ya watu wa kambi ya Ifo wanaowatafuta ndugu zao. Orodha ilikuwa na sehemu tano. Karani Saado Mowlid ndiye aliyewaandikisha watu kambini, ndiye aliyeyachapa majina kwenye kompyuta, ndiye aliyepeleka disketi Nairobi kwa basi. Sehemu nne za kwanza, za Wasomali, zilikuwa kwenye tovuti. Sehemu ya tano, ya watu thelathini na wanane waliotoka Ethiopia, wote wasemaji wa Kiborana, haikuwapo. Halikukosekana jina moja au mawili, ambalo lingekuwa jambo la bahati mbaya. Yalikosekana yote.

Zeinab alisikika akibofya kompyuta yake.

"Inspekta, ukurasa uko mbele yangu sasa hivi. Sehemu ya tano ipo."

"Haipo. Niliiangalia mwenyewe Jumamosi."

"Namba moja, Boru Jatani. Namba mbili, Qabale Duba." Alisoma polepole, kama mtu anayemsomea mwenye usikivu hafifu. "Namba thelathini na moja, Dahabo Wako. Anamtafuta mumewe, Galgalo Sora."

Dullo aliketi.

Dahabo Wako ndiye aliyeleta malalamiko. Alikuwa amefika kituo cha polisi cha Ifo wiki mbili nyuma akiwa na kikaratasi chenye namba yake, alichopewa na Saado siku ya kuandikishwa, na barua iliyoletwa na dereva wa lori. Barua ilitoka kwa mtu aliyemfahamu Galgalo kidogo tu. Ilisema kwamba Galgalo alikuwa Nairobi, kwamba alikwenda kwenye saiba, duka la kukodisha intaneti, mara tatu kusomewa orodha, kwamba jina la mkewe hakulipata, na kwamba sasa alikuwa akisema mkewe alifia njiani. Mwandishi hakujua Galgalo analala wapi. Faili ilipofika Garissa, mkuu wa kituo alimpa Dullo kwa kuwa alikuwa mpelelezi pekee anayesema Kiborana. Dullo alizaliwa Wajir, na hiyo ilikuwa lugha ya mama yake.

Alimwambia Zeinab atume ukurasa huo kwa faksi ya posta. Kabla ya kukata simu aliuliza ni nani mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuugusa huko Nairobi. Zeinab akamtaja Alio, kijana aliyeitengeneza tovuti kwa mkataba. Dullo aliandika jina la Alio kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Maelezo yalikuwa wazi kwake: karani amekamatwa, mwenzake ameogopa, majina yamerudishwa kimyakimya.

Faksi ilifika baada ya nusu saa, ikiwa bado na joto la mashine. Majina thelathini na manane. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda kwa Mwalimu Aden.

Aden alifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini, na kompyuta ya shule, iliyounganishwa na laini ya simu, ilikuwa chini ya ulinzi wake kama mali ya yatima. Kwenye mashine hiyo ndipo Dullo alipoiona orodha Jumamosi iliyopita. Sasa alimwomba Mwalimu aifungue tena. Modemu ililia, ikakwaruza, ikanyamaza. Ukurasa ulishuka mstari kwa mstari. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya hapo palikuwa peupe.

Dullo aliitandaza faksi juu ya meza. Aden aliisoma, akatazama kioo, akaisoma tena.

"Hii imetoka lini?"

"Leo. Saa tatu na nusu."

"Na sasa ni saa nne na dakika kumi," Aden alisema. "Kwa hiyo wameyarudisha, halafu wakayaondoa tena?"

Ilisikika vibaya ikisemwa na mtu mwingine. Dullo alipendekeza kwamba pengine laini ya simu ilikuwa mbovu, ukurasa unakatika kabla ya kumalizika. Aden alikubali kwamba laini ya Garissa ingeweza kufanya lolote, kisha akaujaribu ukurasa mara tatu mfululizo. Kila mara uliishia palepale, chini ya jina la mwisho la sehemu ya nne. Alisema laini mbovu haichagui mahali. Ingekata leo hapa, kesho pale.

Kisha alifanya jambo ambalo Dullo hakujua kuwa linawezekana. Alibofya mahali fulani, na ukurasa ukageuka kuwa maandishi matupu, alama na majina vimechanganyika kama mizigo juu ya lori. Alieleza kwamba hayo ndiyo maelekezo ambayo kompyuta hupewa, na kwamba kile kinachoonekana kwenye kioo ni tafsiri yake tu. Aliteremka hadi chini. Dullo alisogea.

Boru Jatani. Qabale Duba. Aliyafuata kwa kidole hadi la thelathini na moja.

"Yapo," Aden alisema. "Kompyuta yangu imeyapokea yote. Haikuyaonyesha tu. Na ukitazama hapa, ukurasa huu uligeuzwa mara ya mwisho tarehe kumi na mbili Aprili. Hakuna aliyeugusa tangu hapo."

Leo ilikuwa tarehe mbili Julai. Dullo aliufungua ukurasa wa daftari wenye jina la Alio, akalikata.

Aden aliuhifadhi ukurasa kwenye disketi na kuuliza kama pangepatikana mashine nyingine ya kujaribia. Mashine nyingine ilikuwapo. Ilikuwa katika ofisi ya shirika, karibu na soko la mifugo, chini ya karatasi ya lakiri yenye saini ya Dullo mwenyewe.

Walikwenda kwa miguu. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo uliokuwa kwenye bahasha ya ushahidi. Ndani palikuwa na vumbi la siku tano, kikombe chenye utando wa chai ya maziwa, na ubao uliobandikwa picha za watu wa kambini. Dullo aliibandua lakiri kwa ukucha. Mashine ilipowaka, Aden alitia disketi na kufungua faili ileile waliyoitazama shuleni.

Sehemu ya tano ilitokea yote, hadi namba thelathini na nane.

 Dullo aliichomoa faili ya kesi aliyokuwa ameibeba kwapani. Akafungua taarifa ya mshukiwa ya siku ya Jumatatu. Mwandiko ulikuwa wake. *Mshukiwa aliomba mara tatu apelekwe kwenye kompyuta ya ofisi kwa dakika tano ili anionyeshe majina. Nilikataa kwa kuwa ni dhahiri alitaka kuharibu ushahidi.*

"Aliniambia," alisema.

Aden aliutazama mwandiko, kisha akageuza uso kwenye kioo kwa adabu.

Aliendelea kueleza akiwa bado amempa kisogo. Mashine hizo mbili zilitumia vivinjari tofauti, yaani programu tofauti za kusomea tovuti. Cha shuleni kilikuwa cha zamani kidogo, aina ileile iliyojaa kwenye saiba. Cha ofisini kilikuja na mashine mpya. Zeinab naye bila shaka alikuwa na kama hicho. Vyote viwili husoma maelekezo yaleyale, lakini si kwa tabia moja. Alianza kuhesabu alama kwa kalamu juu ya karatasi. Kila sehemu ya orodha ilikuwa jedwali, na kila jedwali lina alama ya kulifungua na alama ya kulifunga. Za kufungua zilikuwa tano. Za kufunga alizihesabu mara mbili.

"Nne," alisema. "Jedwali la mwisho halikufungwa. Kivinjari hiki kinasamehe, kikifika mwisho wa ukurasa kinajifungia chenyewe. Changu hakisamehi. Kinangoja alama ya kufunga, na isipokuja hakionyeshi jedwali hata kidogo."

"Kwa hiyo aliyeandika..."

"Aliyeandika aliona kila kitu kiko sawa. Angejuaje?"

Aden aliandika alama iliyokosekana, herufi chache tu kati ya mabano mawili, akahifadhi. Walirudi shuleni mbiombio, jua likiwa limeshika utosi. Kwenye mashine ya zamani sehemu ya tano ilikuwa imesimama mahali pake kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Dullo alipiga simu Nairobi kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Alimweleza Zeinab, naye akasema ataipachika alama hiyo kwenye tovuti saa hiyohiyo. Ndipo Dullo akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza katika faili yake na halikuwamo popote: je, shirika lingeweza kumtafuta Galgalo Sora? Zeinab alijibu kwamba angeuliza kwa wenzake wanaoshughulikia safari za wakimbizi wanaopokewa ng'ambo, kwa kuwa wao wana majina na anwani.

Adhana ya Ijumaa ilimkuta njiani. Aliingia msikitini, akasimama safu ya mwisho karibu na viatu, na alipotoka akapita njia ya nyuma kurudi kituoni.

Zeinab alipiga tena saa nane. Galgalo Sora alipatikana kwenye orodha ya watu mia moja na kumi waliopelekwa ng'ambo. Aliandikishwa kama mjane. Ndege iliondoka jana, Alhamisi, saa tano usiku.

"Jana," Dullo alisema.

"Jana. Kama tungejua hata juzi, angeteremshwa kwenye orodha. Hilo hufanyika. Sasa ni barua, Inspekta. Nitaandika leo, lakini sitakudanganya, ni jambo la miezi mingi, pengine zaidi."

Alimwomba amtoe Saado. Dullo alisema tayari alikuwa ameshika ufunguo.

Saado Mowlid alikuwa na miaka ishirini na sita. Siku tano za seli zilikuwa zimemkausha midomo, lakini shungi lake lilikuwa safi, kwa kuwa mama yake alileta jingine kila asubuhi pamoja na uji. Dullo alimwingiza ofisini, akamvutia kiti, akamweleza yote bila kuruka: faksi, maandishi ya ndani, lakiri, alama iliyokosekana. Alimweleza pia kuhusu Galgalo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Saado aliomba karatasi ya Mwalimu Aden, akazihesabu alama mwenyewe, na alipofika ya nne mkono wake ulisimama.

"Ni mimi," alisema. "Alio alinifundisha kuandika mstari wa kufunga. Ile sehemu ya mwisho niliichapa siku ya kuondoka basi, nikaharakisha. Watu thelathini na wanane, afande. Niliwaandika mmoja mmoja."

"Si kosa la jinai."

"Sikukuuliza kama ni la jinai." Alikunja karatasi. "Kosa ni langu. Lakini silo ulilonikamatia."

Dullo alikubali kwa kichwa.

"Jumatatu uliniambia sisi Wasomali tumezoea kuwahesabu nyinyi Waborana mwisho. Hayo hukuyaandika kwenye taarifa yako, nilikutazama. Sehemu ya tano ni ya mwisho kwa sababu walifika mwisho. Mkalimani alipochoka saa nane, nilikaa na wanawake wao hadi magharibi, tukaelewana kwa vidole."

 Dullo alisema kwamba gari lilikuwa tayari kwenye mlango wa nyuma, litamfikisha kwao bila mtu kumwona. Saado alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mliponileta mlinipitisha sokoni kwa miguu, saa nne, watu wamejaa. Sasa unitoe kwa mlango wa nyuma?"

Walitoka kwa mlango wa mbele. Soko lilikuwa limeanza kuchangamka baada ya swala. Saado alitembea katikati ya njia, Dullo kando yake, kofia mkononi. Kwenye vibanda vya maziwa ya ngamia, ambako mama yake Saado aliuza, wanawake walinyamaza walipomwona yule polisi. Dullo alisimama mbele ya vibuyu. Kwa Kisomali chake cha Wajir alisema kwamba binti huyu hakuiba, hakufuta jina la mtu, na hakufanya lolote aliloshtakiwa. Kwamba aliyekosea ni yeye, Dullo Guyo, kwa kuwa aliambiwa ukweli siku ya kwanza akakataa kuuangalia.  Mama alimshika mwanawe mkono, akamkalisha nyuma ya vibuyu, na kuendelea kumpimia mteja maziwa.

Dullo aligeuka kuondoka. Saado akamwita.

"Kesho unakwenda Ifo kumwambia yule mama?"

"Naenda na msafara wa saa moja."

"Nitakuja. Mimi ndiye niliyempa namba."

Walifika Ifo Jumamosi saa sita kasoro, vumbi jekundu limewajaa hadi kwenye kope. Kituo cha polisi cha kambi kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye koplo mmoja, mtu wa bara aliyeitwa Mutiso, na meza moja. Dahabo aliitwa. Aliingia na kikaratasi chake kimefungwa kwenye pindo la leso. Alipomwona Saado aliganda mlangoni, kisha akamtazama Dullo, maana ni yeye aliyemwahidi, kwa lugha yao wenyewe, kwamba atamletea aliyefanya hivi.

Dullo alimweleza kwa Kiborana. Alianza na kompyuta mbili na akaona kwamba alikuwa akijificha nyuma ya kompyuta hizo, basi akaanza upya na Galgalo: yu hai, alimtafuta, ameondoka juzi usiku kwa ndege, barua imetumwa. Dahabo aliketi chini, mgongo ukiegemea bati. Hakulia. Aliuliza nchi hiyo ni umbali gani kwa miguu, na alipojibiwa kwamba kwa miguu haifikiki, akauliza kama kule wanajua yeye ni mzima. Dullo alisema bado.

Saado alichuchumaa mbele yake. Kwa Kiswahili, Dullo akitafsiri, alisema kwamba yeye alisahau mstari mmoja mwishoni, na kwa sababu ya mstari huo majina yao hayakuonekana Nairobi. Alisema hakukusudia, lakini ameona aibu kuliko ambavyo angeweza kueleza. Dahabo alimsikiliza hadi mwisho. Akamwuliza Dullo:

"Huyu alifungwa lini?"

"Jumatatu."

"Na hayo ya kompyuta, alikuambia lini?"

Koplo Mutiso hakujua Kiborana, lakini aliacha kuandika.

"Jumatatu," Dullo alisema. "Aliomba dakika tano anionyeshe, nikamnyima."

"Mume wangu aliondoka lini?"

"Alhamisi."

Dahabo alizihesabu siku hizo kwa kidole gumba juu ya vifundo vya vidole vyake, taratibu. Kisha akamwambia Saado, kwa maneno machache ya Kiswahili aliyokuwa nayo, aketi vizuri, asichuchumae. Kwa Dullo alisema:

"Nilikuja hapa kulalamika, ukaandika. Nataka kulalamika tena. Andika."

Koplo alivuta fomu. Dullo alimweleza anachotaka mama huyu, na Mutiso akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine ingekuwa vyema kungoja mkalimani mwingine kutoka Garissa, wiki ijayo, au ile itakayofuata. Dullo alijibu kwamba wiki ijayo ni mbali. Aliichukua fomu, akaketi mezani.

Dahabo alisema, naye akaandika. Aliandika kwamba mlalamikaji alipeleka shauri lake kwa polisi akitafuta mume, na polisi akamtafuta mkosaji. Aliandika kwamba karani aliomba dakika tano, akanyimwa. Alipofika kwenye siku, Dahabo alimsimamisha na kumtaka asome alichoandika. Alisoma, naye akasema Jumanne na Jumatano hazimo, zitiwe. Akazitia. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwa mwandiko uleule maneno aliyomwambia Saado Jumatatu kuhusu kuhesabiwa mwisho, akamsomea Dahabo hayo pia. Mama aliyasikiliza na kusema kwamba hakumtuma kusema hivyo kwa niaba yake. Dullo aliandika na hilo.

Alisoma yote tangu juu. Dahabo alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya karatasi kwa nguvu, kama mtu anayeziba tundu.

Koplo alipaswa kutia saini kama shahidi. Aliipitia fomu kwa macho, akafika mahali pa jina la anayelalamikiwa, akainua kichwa.

"Afande, hapa umeandika Dullo Guyo, Inspekta, Garissa." Alisita. "Ndivyo linavyoandikwa?"

"Ndivyo linavyoandikwa," Dullo alisema, akamsogezea kalamu.